Nyumba Inarefuka

Alhamisi, 3 Aprili

Wageni wa Idi wamekwisha. Walikuja kumwamkia Bibi, wakala vileja na halua, wakanitazama mimi nisiyekula, wakaenda zao. Mke wa jirani wa nyuma alimwuliza Bibi kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Ati ni kweli hali kitu, Bi Shekha? Na bado yu hai?"

"Hali kwa mdomo," Bibi akamjibu. "Kifua chake ndicho kilacho."

Yule mama akaangusha kileja.

Nieleze, maana daftari hili halinijui. Jina langu Mahira. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili utumbo wangu ulijisokota kama kamba ya kisima. Madaktari wa Mombasa walipofungua tumbo, sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imekufa, wakaikata. Uliobaki hautoshi kunilisha. Ndipo nikawekewa mrija kifuani, na kila jioni Mama hunawa mikono kama atawadhaye mara mbili, akauunga mrija na mfuko mweupe kama maziwa, na chakula kikaingia damuni mwangu hadi asubuhi. Mdomo una ruhusa ya kuonja tu: chai, uji kidogo, tui. Nililala wodini miaka miwili. Sasa nina miaka kumi na sita, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani, hapa Shela ya Malindi, katika nyumba ya mawe aliyozaliwa Bibi. Baba yuko Muscat kikazi. Tumo watatu: Bibi, Mama na mimi.

Sitoki nje. Mama aogopa vijidudu, na zaidi ya vijidudu aogopa macho ya watu.

Jumatano, 9 Aprili

Njenga, dereva wa teksi, ameleta mifuko yangu ya chakula. Hutoka Nairobi kwa ndege ndani ya sanduku la barafu. Yeye huipokea uwanjani na kutuletea kwa gari lake. Kuvuka kizingiti havuki. Huweka sanduku kwenye ngazi, hubisha, kisha hurudi nyuma hadi ng'ambo ya kichochoro, kama mtu aliyetega mtego. Leo nilichungulia dirishani nikamwambia ahsante. Akaziba mdomo kwa mkono, akaitikia kwa kichwa, akaondoka mbio.

Mtaani husema nyumba yetu ina jini, lakini nilidhani watu wa bara hawaamini majini.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Watoto wa chuo cha Kurani walipita wakiimba kasida. Walipofika chini ya dirisha langu wakanyamaza. Walipolivuka wakaendelea.

Alhamisi, 17 Aprili

Kioo cha ukumbini kimepanda.

Nilisimama mbele yake kufunga mtandio, na kidevu changu hakimo. Kioo kinaishia mdomoni. Mwaka jana nilijiona hadi shingoni. Nakumbuka, maana nilikuwa nikitazama kovu la mrija wa zamani. Nikamwuliza Mama nani amekisogeza.

"Msumari ule aliupiga marehemu babu yako," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nani wa kuusogeza?"

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Nimenusa wali wa nazi hadi nikashiba.

Jumatano, 23 Aprili

Bahari imeondoka. Kitandani mwangu siioni, lakini nikisimama dirishani huwa naona uzi wa buluu juu ya paa la jirani. Leo naona paa, na juu ya paa ni mbingu. Nikadhani ni ukungu wa mvua. Nikangoja kupambazuke vizuri. Hapana ukungu. Nikisimama kwa ncha za vidole, uzi warudi, nikishuka, wazama.

Nikavaa dera langu la Idi kujihakikisha. Pindo lagusa kifundo cha mguu pale pale lilipogusa siku ya Idi. Nikavaa na lile la kijani la mwaka jana. Pale pale. Basi si mimi. Ni nyumba.

Nilimwambia Bibi. Sikutarajia ajibu, maana alikuwa na tambuu kinywani. Akatafuna kwa muda, akanitazama kuanzia utosini hadi nyayoni, tena akanitazama kuanzia nyayoni hadi utosini.

"Nyumba za mawe hunywa mvua," akasema. "Zikinywa, hufura."

Lakini hakuutazama ukuta. Alikuwa akinitazama mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Mgongo unauma, pale ambapo mkanda ungekaa. Mama asema ni kulala sana.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nimefanya jambo nisilolielewa.

Ukuta wa chumba changu watoka jasho siku hizi, na chokaa inabanduka vipande vipande kama ngozi ya aliyeungua jua. Asubuhi naokota sakafuni. Leo niliokota kipande nikakitia mdomoni. Kikayeyuka. Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nakumbuka tu kwamba mvua ilikoma ghafla, kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia sauti ya ulimi. Ulikuwa ulimi wangu. Nilikuwa nimeegemea ukuta kwa mikono miwili, nalamba.

Nikajipangusa kabla Mama hajaingia. Ukutani pamebaki alama yenye umbo la mdomo, nyeusi kwa unyevu.

Wanaosema nyumba hii ina jini labda hawakukosea.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya Zipporah. Yeye ni muuguzi wa zahanati, kwao Marafa, na kila wiki huja kunibadilishia bandeji ya mrija. Huingia na harufu ya sabuni na maneno mengi. Yeye humwita Bibi "hawe", kama wanavyoitwa mabibi kwa Kigiriama, na Bibi hufurahi.

Leo maneno yalimwishia. Aliniinamisha aangalie ngozi ya mgongo, akapitisha vidole katikati, pingili moja moja. Mahali fulani nikaruka kwa maumivu. Akarudia, polepole. Nikaruka tena.

"Mama Mahira," akasema, "kliniki ya Mombasa mtaenda lini?"

"Na mvua hizi? Barabara yenyewe waiona."

"Mlikosa ya Januari pia. Mvua haikuwepo Januari."

Mama akauliza kama atakunywa chai. Zipporah akasema hanywi. Hajawahi kukataa chai yetu.

Ijumaa, 9 Mei

Nataka niandike sasa.

Baada ya sala ya Ijumaa nilijilaza. Nilikuwa nusu usingizini niliposikia kitu kikinipita juu ya mwili, chepesi kama buibui anayetembea. Kikaanza utosini, kikashuka usoni, kifuani, gotini, kikafika kisiginoni kikatulia. Sikufumbua macho yote. Niliona kupitia kope.

Alikuwa Bibi, amepiga magoti kando ya kitanda. Mkononi alishika uzi mweupe wa pamba. Ncha moja ameibana kisiginoni pangu kwa dole gumba, midomo yake ikicheza bila sauti. Kisha akaukata uzi kwa meno, akaukunja, akautia kifuani ndani ya nguo.

Mwaka alipokufa Babu, nilimwona Bibi huyu huyu akimpima hivyo hivyo, kwa uzi, kabla ya kukata sanda.

Nikalala vile vile hadi alasiri. Sikuthubutu kujinyoosha. Nilihisi nikijinyoosha nitaupita ule uzi, au sitaufikia, na sikujua lipi baya zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Bibi ameniletea chai ya tangawizi. Nimeimwaga dirishani.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Mama nilichokiona. Nilidhani atacheka au atamtetea mamake. Akaketi kitandani kwangu, uso umemsawijika.

"Alikupima?"

"Kwa uzi. Kama maiti."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Mama, sitaki alale nyumba hii."

Nilikuwa tayari kubishana siku nzima. Haikuhitajika. Alasiri Mama alikuwa amekwisha zungumza na mjomba, na kabla ya magharibi Bibi alikuwa mlangoni na kifurushi chake, aenda Mambrui kwa mjomba. Alisimama mbele yangu, akanishika mashavu. Nikageuza uso.

"Shukri," akamwambia Mama, "mficha uchi hazai."

Kisha akatoka kwenye mvua.

Jumatano, 14 Mei

Nyumba ni kubwa bila Bibi. Na inazidi kuwa kubwa. Mtandio wangu huwa naning'iniza msumarini nyuma ya mlango. Leo nimeurusha mara kadhaa ndipo ukanasa.

Ijumaa, 16 Mei

Adhuhuri, nikipumzika, naisikia cherehani chini. Inalia kidogo, inanyamaza, inalia. Mama hana kazi ya mtu tangu Idi.

Jumatatu, 19 Mei

Si nyumba.

Nilikuwa nashuka ngazi nimevaa dera la Idi. Msumari wa ukingoni ukanasa pindo. Nikavuta, uzi ukafumuka mzunguko mzima, na dera likashuka. Lilinishuka miguuni likalala kwenye ngazi kama mtu aliyezimia, kitambaa tele, zaidi ya upana wa vidole vinne. Ndani ya kile kilichokunjuka mlikuwa na mistari ya mikunjo ya zamani, mmoja juu ya mwingine. Lilikuwa limepunguzwa, likapunguzwa tena, likapunguzwa tena.

Nikarudi chumbani nikafungua kabati. La kijani, limepunguzwa. Gauni la kitambaa cha maua, limepunguzwa. Hata buibui langu ambalo sina pa kulivaa. Mishono yote ni ya Mama. Naijua, midogo na imekazwa, haina mwenzake mji mzima.

Nikasimama uchi mbele ya dirisha nikijishika kiuno. Mbavu zangu za chini zinakaribia kugusa mfupa wa nyonga. Sikuwahi kuligundua hilo. Mtu hajitazami mahali ambapo nguo zinamwambia yu sawa.

Kwa hiyo miezi yote hii kuna mtu aliyejua kwamba napungua, na kila nilipopungua alikaa chini akanishonea uongo wa kunitosha. Na mimi nimemfukuza aliyenipima.

Jumanne, 20 Mei

Sijamwambia kitu. Jioni aliniunga na mfuko, akaniuliza kama nina homa. Nikasema sina. Nilitazama mikono yake. Nimeitazama mikono hiyo kila jioni, sikuwahi kuiogopa.

Zipporah hakuweza kuja. Mto Sabaki umefurika na yeye alikuwa kwao.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Umeme umekatika tangu adhuhuri.

Jumapili, 25 Mei. Mombasa, hospitali

Naandika nikiwa chali, daftari liko juu ya uso wangu. Kalamu ya wino yakataa kupanda, kwa hiyo Mama amenitafutia penseli. Ninayo siku nzima. Nitaandika yote.

Alhamisi asubuhi umeme ulikuwa haujarudi. Friji ilianza kutoa joto, na mifuko yangu ikipata joto huharibika. Mama akanunua barafu kwa wauza samaki, akaihamishia mifuko ndani ya sanduku. Mvua ilikuwa haijawahi kunyesha vile. Maji yaliingia chini ya mlango wa uani, yakaja jikoni kimya kimya, na tulipogeuka sanduku lilikuwa limeanza kuelea, likizunguka taratibu katikati ya jiko kama kitu kilicho hai.

"Tulipandishe juu ya meza," Mama akasema. "Wewe shika wepesi tu."

Nikashika mpini mmoja, yeye wa pili. Tukainua.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Kama muwa uliovunjwa ndani ya nguo. Ilitoka ndani yangu, mgongoni, na kwa kitambo sikuhisi maumivu yoyote, niliisikia tu. Mama naye aliisikia. Najua aliisikia kwa sababu aliliachia sanduku kabla mimi sijalia.

Kisha nikawa majini, na dari iko mbali sana.

Alinipakata kichwa. Hakuthubutu kuninyanyua. Maji yalikuwa vuguvugu na yalikuwa na vumbi la chokaa juu yake, kama maziwa. Nikamwuliza, "Mama, unanipunguzia nguo tangu lini?"

Nilitaka akane. Wallahi nilitaka akane.

"Tangu mfungo sita wa mwaka jana," akasema.

"Ulijua?"

"Daktari aliniambia mwaka jana kwamba mifupa yako imekonda. Alisema haipati inachohitaji. Alisema hujui jua wala mwendo, na kwamba lazima urudi wodini wakupime, wabadilishe mfuko, wakupe dawa. Nikaja nikuambie. Wewe wakumbuka ulivyosema siku ile?"

Sikukumbuka.

"Ulikuwa umetoka kusikia kuwa yule msichana wa kitanda cha pili wodini amefariki. Ukaniambia, 'Mama, heri nifie hapa kuliko kurudi kule.' Nikasema, basi, kidogo. Nitangoja kidogo. Halafu nikaona dera limeburura sakafuni. Nikalikunja, nikasema, kama Mahira halioni, labda halitakuwa."

"Na Bibi?"

"Bibi alinisema kila siku. Nilipopata sababu ya kumtoa, nikaikamata."

Alikuwa hajalia. Aliyasema haya kama anayesoma, mvua ikipiga, na lile sanduku limepinduka kando yetu, mifuko yangu myeupe inaelea ndani ya jiko.

Ndipo tukasikia mlango wa mbele. Hatukuitikia. Njenga akaita mara moja, kisha nikaona miguu yake majini. Alikuja kuuliza kama barafu yatosha. Alituona sakafuni. Akavua shati akajifunga nalo pua na mdomo, akaung'oa bawabani mlango wa stoo, akautia majini kando yangu, na yeye na Mama wakanisogeza juu yake kidogo kidogo, bila kunikunja.

"Umevuka kizingiti," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nilikatazwa," akasema nyuma ya shati. "Siku ya kwanza kabisa mama yako aliniambia mafua tu yanaweza kukumaliza. Na mimi nabeba watu siku nzima, wanakohoa tu. Sasa ningeingia aje?"

Mwaka mzima nilimwita mwoga.

Alikunja viti vya gari lake, akanitia kupitia mlango wa nyuma pamoja na mlango wangu wa stoo. Majirani walikuwa wametoka barazani kwenye mvua. Wengi wao walikuwa hawajaniona tangu nina miaka kumi na miwili. Nilisikia mmoja akisema, "Kumbe mdogo hivi."

Malindi walinipiga picha, wakanipa dawa ya maumivu, na kesho yake ambulansi ikanileta huku. Njia nzima niliona vitu kichwa chini: nyaya za umeme, vilele vya minazi, na pale daraja la Kilifi hapana kitu kabisa, ila mbingu, na sauti ya magurudumu iliyobadilika ghafla kama tunapita juu ya ngoma.

Jumanne, 27 Mei

Kitanda changu si kile cha zamani, lakini naona kile cha zamani. Amelala mtoto. Usiku anacheka usingizini.

Ijumaa, 30 Mei

Leo nimejiona.

Walinilaza juu ya meza ya mashine ya kupima mifupa. Haina kelele. Mkono wake ulipita juu yangu polepole sana, kutoka kiunoni kwenda juu, bila kunigusa. Nikakumbuka uzi wa Bibi. Kioo cha mashine kilikuwa kimeelekezwa kwangu, labda kwa kusahau, na hapo akaanza kujitokeza mtu, mstari kwa mstari. Kwanza nyonga, kisha pingili, kisha mbavu. Hakuwa na uso bado. Alikuwa hafifu, wa kijivu, karibu na kufutika, kama mtu anayesimama nyuma ya pazia akingoja aitwe.

Nilimwogopa. Halafu nikamhurumia. Miaka minne nimekuwa nikihesabiwa damu, uzito, homa, na yeye alikuwa humo, ananibeba, na hakuna aliyemwuliza hali.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alikuja na picha. Aliongea nami, si na Mama. Pingili tatu zimebonyea. Moja ndiyo iliyolia siku ile. Mbili zilibonyea kimya kimya miezi iliyopita, na ndizo zilizochukua kimo changu. Mifupa yangu kwa sasa ni myembamba kuliko ya bibi yangu. Huwapata wengi wanaolishwa kwa mshipa miaka mingi, akasema, hasa wakianza kabla hawajamaliza kukua: mfuko una kiasi cha chokaa, ile kalsiamu, kinachoweza kuyeyuka humo na si zaidi, na mwili usiopata jua wala mwendo hauna namna ya kuikamata hata hiyo kidogo.

"Nilikuwa nalamba ukuta," nikamwambia.

Mama akageuka kunitazama. Daktari hakucheka.

"Mwili ulikuwa ukitafuta," akasema. "Ulikosea duka tu."

"Nitarefuka tena?"

"Kilichobonyea hakitarudi. Lakini miaka ya kujenga mfupa hujaimaliza. Tutabadilisha mfuko. Tutakupa vitamini ya jua kwanza, kisha dawa ya kukaza mifupa, ya mshipani. Halafu kazi ni yako: kusimama, kutembea, kuota jua. Kila siku."

"Na nikivunjika?"

"Unaweza kuvunjika," akasema. "Kitandani pia ulivunjika."

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya mfungo tatu. Takbira zinasikika dirishani.

Bibi amekuja kutoka Mambrui na mjomba. Amekaa, ameniamkia kama vile sikugeuza uso. Nikamwambia, "Bibi, nilidhani wanipimia sanda."

Ule uzi ulikuwa umo kifuani mwake, akautoa. Na ulikuwepo mwingine, wa mwaka uliotangulia, mrefu kuliko huo.

"Nilikupima kwa sababu mamako hasemi na wewe huulizi," akasema. "Nilitaka nijue kama ni macho yangu ya uzee. Nilipoona si macho, mwanangu, nami nikaogopa hilo hilo la sanda."

Mama alikuwa kwenye mlango na chupa ya chai. Akaja akapiga magoti, akambusu Bibi mkono. Bibi akamshika kichwani, akauacha mkono hapo.

Jumanne, 17 Juni

Dawa imeingia jana. Homa, viungo vyote vinauma kama nimepigwa. Midomo inawasha, vidole vinachezacheza. Wakasema chokaa ya damuni imeshuka, wakaniongezea. Usiku nilihisi mifupa yangu yote kwa wakati mmoja, hata ile nisiyoijua jina. Nililala na mtu mzima ndani yangu aliye macho.

Jumamosi, 28 Juni

Nyumbani. Nina mkanda mgumu wa mgongo kuanzia kwapani. Njenga alitupokea, akaingia, akala wali. Amejifunga barakoa, anaishusha kwa kila tonge.

Jumatano, 9 Julai

Kila asubuhi nakaa juu ya sakafu ya paa, mikono wazi, Bibi akinilinda na macho ya watu kwa kuwatukana. Mvua imepungua.

Jumatatu, 21 Julai

Leo tumetoka hadi mwisho wa kichochoro. Mama mkono huu, Zipporah mkono ule. Watoto wa chuo walituona wakanyamaza. Mmoja, msichana, akasogea.

"Wewe ndiye usiyekula?"

"Naonja," nikasema.

Akafikiri. "Waonja nini?"

"Leo nimeonja embe."

Akawarudia wenzake kupeleka habari, na nikasikia wakibishana kama jini hula embe.

Jumanne, 5 Agosti

Kusi yavuma. Hadi msikiti wa Ijumaa na kurudi. Nimechoka hata kuandika.

Jumamosi, 23 Agosti

Tulifika ufuoni leo, mimi na Mama peke yetu, saa tatu ya asubuhi. Upepo ulikuwa mkali. Watu walikuwa tele kwenye barabara ya mbele ya bahari, na wengi walitutazama. Nimeanza kuyazoea macho, hayana meno. Mama alikuwa amenishika kiwiko. Ananishika hivyo siku zote tangu Mei, kwa ncha za vidole, kama ashikavyo glasi ya kuazima.

"Niachie niende hadi pale kwa muuza kahawa," nikamwambia.

"Mahira."

"Hadi pale tu."

Akaniachia. Nikaenda. Nilikuwa nikitazama bahari, kwa hiyo sikuona jiwe la ukingo lililoinuka. Kidole kikagonga, mwili ukaenda mbele, na hapakuwa na cha kushika. Nilianguka kwa magoti na viganja juu ya lami.

Sijui nieleze vipi kimya kile. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Upepo ulikuwa bado unavuma lakini sikuusikia. Nilibaki vile vile, kwa miguu minne, nikiisubiri ile sauti. Nilisikiliza mgongoni. Nilisikiliza nyongani, vifundoni, mbavuni, nikizunguka ndani ya mwili wangu chumba kwa chumba kama mtu aliyesikia mwizi. Nyuma yangu Mama hakusogea. Naye alikuwa akisikiliza.

Hakuna aliyejibu.

Nikageuza kiganja. Kilikuwa kimechubuka, damu yaanza kutoka katika vitone vidogo, nacho chawasha vibaya.

"Mama," nikasema, "ni ngozi. Ni ngozi tu."

Akaja. Akakaa pale pale barabarani na buibui lake jeusi, vumbini, mbele ya watu wote wa Malindi, akalia kwa sauti kilio ambacho hakukilia mwezi wa tano. Mwenye kahawa akatuletea maji. Nikamwinamia Mama nikamwekea mikono shingoni. Alinikumbatia polepole, kwa woga, kama abebaye mayai. Kisha akasahau, akanikaza.